Mikono Mikavu

Kwenye chumba cha kungojea cha Daktari Tafida kulikuwa na viti kumi na viwili, na kile cha mwisho, chini ya dirisha, hakikaliwi na mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nikifagia pale na kupangusa viti kila asubuhi, kwa hiyo nakijua vizuri. Kilikuwa cha mbao kama vingine, hakina ufa wala msumari uliochomoza. Wanawake wa Sawaqi wote walijua. Chumba kinaweza kujaa mpaka watu wakakaa sakafuni na watoto mapajani, kile kiti kikabaki kitupu.

Wageni ndio hawakujua. Siku moja alikuja mama mmoja mnene kutoka ng'ambo ya mto, amebeba bata wawili kwenye kikapu, akajibwaga palepale. Waliokuwa wameketi wakamgeukia wote.

"Mna nini nyie?" akauliza. "Mmeona jini?"

"Wewe ndiye umemkalia," Mama Rifai akamjibu. Wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali.

Daktari akatoka chumba cha ndani. Alikuwa amepita miaka sabini, mfupi, nywele nyeupe amezikata kama za mwanamume, mikono ameitia kwenye mifuko ya koti kwa sababu ilikuwa inatetemeka na hakupenda itazamwe. Akamwangalia yule mama.

"Samahani, dada," akasema kwa upole. "Hapo pana mtu."

Yule mama akaruka kama aliyekalia makaa. Bata nao wakapiga kelele. Safari hii hakuna aliyecheka.

Jambo hili lilinishangaza mimi kuliko wengine, kwa sababu Daktari hakuwa mtu wa majini. Mwanamke akija na hirizi imeshonwa kwenye nguo ya ndani, Daktari huikata kwa mkasi, akamwekea kiganjani. "Mrudishie aliyekuuzia," humwambia, "mwambie mfuko wa uzazi haujui kusoma."

Baba yake alikuwa karani wa simu za waya pale stesheni. Alimpeleka Kairo kusoma udaktari wakati ambao wasichana wa kwetu walikuwa hawaendi hata mfereji wa pili peke yao. Darasani walikuwa wanawake wanne kati ya wanaume mia mbili. Siku ya kwanza ya kupasua maiti wanaume waliwekeana dau, nani kati ya wale wanne ataanguka kwanza. Aliyeanguka alikuwa mwana wa pasha, bwana mkubwa wa serikali. Hiyo ndiyo hadithi pekee ya Kairo aliyopenda kuisimulia.

Aliporudi na sanduku lake la vyuma, hakuna mume aliyekubali mkewe aguswe naye. Miezi saba alikaa kwenye chumba hichohicho cha kungojea, akingoja yeye. Wa kwanza kuja alikuwa mwanamke ambaye hakuwa na mume wa kumkataza. Alikuwa ameolewa mdogo, uzazi ukamchana ndani, mkojo ukawa unamtoka mchana na usiku, mume akamfukuza, akawa analala zizini. Daktari alimshona mara mbili, ikafumuka. Mara ya tatu ikashika. Wanasema yule mwanamke alitembea kutoka hapa mpaka kwao na nguo kavu, na kwenye kila mlango aliopita alisimama akageuka, ili watu wamwone kwa nyuma. Tangu siku ile viti havikutosha.

Mimi nilikuja kwake nikiwa na miaka kumi na mitatu, nilipomaliza darasa la sita. Bibi yangu Atiyat ndiye aliyenileta. Bibi alikuwa mkunga, tena mkunga wa kwanza kukubali kufundishwa na Daktari. Ndiye aliyenilea, kwa sababu mama yangu, Nargis, binti yake wa pekee, alikufa nikiwa na siku saba, na baba yangu alikwenda Libya kutafuta kazi akaoa hukohuko. Nikiuliza mama alikufa kwa nini, Bibi alisema, "Homa. Kudra ya Mungu." Kisha alitafuta kitu cha kufanya.

Nilikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema, na miaka tisa ni mingi. Niliona kwamba kila asubuhi Daktari akishuka kutoka ghorofani kwake, kabla hajafungua mlango wa nje, alikiinamishia kile kiti kichwa, kidogo tu, kama unavyomsalimu mtu anayesali. Niliona pia kwamba nikipangusa viti alfajiri, vyote vilikuwa na ubaridi wa alfajiri, na kile kilikuwa na joto. Nilijiambia ni jua la dirishani. Lakini dirisha lile linatazama magharibi.

Nikapata mimba nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mume wangu Hasanein, fundi wa kiwanda cha sukari, alifurahi mpaka akasahau kuvua viatu kitandani. Bibi alifurahi zaidi.

"Huyu namzalisha mimi," akasema. "Nilikutoa wewe kwa mikono hii, nitamtoa na wako. Halafu nife."

Nilipomwambia Daktari, hapohapo alivuta karatasi.

"Utazalia hospitali ya mkoa," akasema. "Nitaandika barua leo."

"Bibi ataniuliza kwa nini."

"Mwambie macho yake yamepungua."

Nikamwambia. Bibi akanuna siku tisa. Siku ya kumi akaja kliniki mwenyewe, akasimama katikati ya chumba cha kungojea, wanawake wote wanasikia.

"Daktari! Mtoto huonwa kwa vidole au kwa macho? Mwenyewe ulitufundisha kwa vidole, umetufunga kitambaa usoni na ule mdoli wako wa matambara!"

"Nilikufundisha, Atiyat."

"Basi leo vidole vyangu vina nini?"

Daktari aliangalia dirishani. Bibi aliona ni dharau, akaondoka akiburuta kandambili zake. Mimi niliona kitu kingine. Niliona Daktari Tafida ameogopa, na yeye ni mtu aliyewahi kufunga mlango mbele ya bunduki ya mume wa mtu akaendelea kushona.

Tangu hapo sikupata usingizi wa kutosha. Tumbo lilikuwa la mwezi wa saba, na nilikuwa sijui ni kitu gani kilichomuua mama yangu ambacho Daktari alikijua na alikuwa hataki kinifike.

Nilikipata kwenye droo. Daktari alikuwa na kadi za wagonjwa wake wote, maelfu, amezipanga kwenye droo za chuma, na zote zimeandikwa kwa maandishi ya kigeni ambayo mimi siyajui. Nilikuwa natafuta mende. Kwenye droo ya chini kabisa, nyuma, kulikuwa na kadi chache zimefungwa uzi. Ya juu ilikuwa kwa maandishi yetu. Nikaisoma polepole, kidole juu ya neno, kama shuleni.

*Nargis binti Atiyat. Miaka kumi na tisa. Homa ya uzazi. Siku ya saba. Mikono haikuoshwa. Kosa langu.*

"Nani amekuambia ufungue hiyo?" Daktari alikuwa mlangoni.

"Uliniambia nipanguse."

"Nilisema upanguse juu."

"Mende hawakai juu, Daktari."

Alitaka kucheka, kicheko kikashindikana. Akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa, miguu haigusi chini, kama mtoto.

"Uliza," akasema.

"Ni wewe uliyemzalisha mama?"

"Hapana. Bibi yako."

"Basi kosa lako ni lipi?"

Akaitoa mikono mifukoni, akaiacha itetemeke juu ya mapaja.

"Miaka mitatu niliwahubiria wakunga vijidudu. Wakinywa chai yangu, wakila biskuti zangu, wakicheka. Bibi yako ndiye alikuwa mchekeshaji. 'Daktari, hao wadudu wana rangi gani? Wanafunga Ramadhani?' Wanarudi vijijini, wanazalisha na mikono ya jikoni, na mimi naitwa kuwatazama wanawake wakifa kwa homa. Sasa wewe unajua kabsa."

Nani kwetu asiyejua kabsa? Mtu akitoka mazikoni, au amebeba nyama mbichi, au amevuka mto siku hiyo, akaingia kwa mwanamke aliyejifungua, huingia nayo. Maziwa hukauka, au kizazi hufunga, au mtoto hunyauka.

"Siku moja nilikuwa nimechoka," Daktari akasema. "Nikawaambia, haya, tuache vijidudu. Kabsa inakaa mikononi. Inaanzia ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko. Haitoki kwa ubani, haitoki kwa kuruka moto. Inatoka kwa sabuni na kuhesabu mpaka mia. Wajida, walinawa! Walinawa mpaka ngozi ikapauka. Homa ikapungua mwaka uleule, nikaitwa Kairo, nikavishwa nishani."

"Ni uongo mzuri."

"Ulikuwa mzuri kwa miaka miwili. Halafu ukazaliwa wewe."

Akanieleza. Mama yangu alipokaribia, Bibi alijifungia naye nyumbani siku mbili nzima. Hakwenda kwenye msiba wa jirani, hakupokea nyama, hakuacha mtu aingie. Alimlinda binti yake na kabsa kwa kila njia. Uchungu ulipoanza, Bibi alikuwa uani anafinyanga mavi ya ng'ombe, yale tunayokausha ya kuwashia tanuri. Akajifuta kwa majani makavu, akaingia.

"Waliniita siku ya sita. Nikamuuliza, 'Atiyat, ulinawa?' Akanitazama kwa fahari kabisa. 'Ninawe nini, Daktari? Siku mbili sijavuka kizingiti. Mikono yangu ilikuwa mitupu kama ya malaika.' Nikaangalia kucha zake. Yale mavi yalikuwa bado yamo."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba ni kudra ya Mungu."

Nje, garimoshi dogo la miwa lilikuwa linapita, vioo vya kabati vikalialia. Alingoja lipite.

"Walimleta hapa siku ya saba, baba yako akaenda kutafuta gari. Mama yako hakukubali kulala. Alisema akilala atakufa. Akakaa pale chini ya dirisha, viatu vyake amevipakata mapajani, vilikuwa vipya, hakutaka viguse sakafu ya wagonjwa. Gari lilipofika nikamshika bega nimwambie twende, kumbe ameshakwenda."

"Unamwona?"

"Uso siku hizi siukumbuki vizuri. Naona viatu."

Nikafunga kadi na uzi wake, nikairudisha.

"Bibi asijue," nikasema.

"Wajida."

"Ukimwambia utamuua. Mwaka wa tano huu hazalishi. Mimi nitakwenda mkoani, hatanigusa, basi. Ana faida gani ya kujua?"

Alinitazama sana. Aliponijibu, sauti ilikuwa ndogo.

"Hivyo hivyo ndivyo nilivyosema mimi," akasema. Lakini akaahidi.

Ilikuja sikukuu ya Kunusa Upepo, mwanzo wa joto, siku ambayo Waislamu na Wakristo wote hutoka kwenda kukaa kwenye majani kando ya mto na mayai ya rangi, vitunguu na samaki wa chumvi anayenuka mpaka mbinguni. Kliniki ilikuwa imefungwa. Hata daktari kijana wa serikali wa pale mjini alikuwa amekwenda kwao Kairo. Mimi nilikuwa na wiki tatu bado, kwa hesabu ya Daktari, na asubuhi ile nilitaka tu kumpelekea mayai yake, kwa sababu hana mtu.

Bibi akasema hawezi kuniacha nitembee peke yangu. Tangu alfajiri alikuwa akichemsha mayai kwa maganda ya vitunguu, vidole vimekuwa hudhurungi mpaka kwenye kifundo, na alikuwa amemchambua samaki, akajipaka limau kuua harufu. Kwenye kona ya nyumba ya muadhini akanivuta mkono.

"Tupite huku."

"Huku ni mbali, Bibi."

"Kule kuna matanga ya akina Dardir. Unataka nikupitishe kwenye msiba na tumbo hilo? Tembea, mvivu wewe."

Tukazunguka mji mzima, kwenye upepo wa mchanga, kwa ajili yangu. Labda ni mwendo ule. Tulipofika kwenye ngazi za kliniki nikasikia kitu kimekatika ndani, na maji yakashuka mpaka kwenye viatu.

Hasanein alikuwa anatufuata na kapu. Akalitupa, akakimbia kutafuta gari. Madereva wote walikuwa mtoni na familia zao. Daktari alinilaza kwenye kitanda cha ndani, akanipima kwa kiganja juu ya tumbo, na nikaona uso wake umebadilika.

"Hafiki mkoani," akasema. "Huyu ana haraka."

"Si nilisema?" Bibi alikuwa tayari amekunja mikono ya gauni. Uso ulikuwa unang'aa, umepungua miaka ishirini. "Daktari, wewe kaa kwenye kiti chako. Mikono yako haiwezi hata kushika kikombe. Hii kazi ni yangu, Mungu mwenyewe amefunga barabara."

"Nawa, Atiyat," Daktari akasema. Alikuwa ameweka beseni, jagi na kipande cha sabuni.

Bibi akachovya ncha za vidole, akakung'uta. "Tayari."

"Mpaka kwenye kiwiko. Hesabu mia."

"Mia ni ya msiba! Nimezunguka na huyu mtoto mpaka kwenye ghala la pamba, nisipite kwa akina Dardir, halafu unaniambia nina kabsa?"

Uchungu ukanishika, nikauma shuka. Ulipoachia niliona vile vidole vinakuja, vya rangi ya vitunguu, na ukingo mweusi kwenye kila ukucha. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote duniani, na nikafunga magoti.

"Fungua, mama," akanibembeleza. "Fungua, roho yangu, nione."

"Bibi, nawa. Hasanein jana alibeba jeneza."

"Hasanein ndiye anayekuzalisha?"

"Nilipita mimi. Asubuhi. Nilipita kwa akina Dardir."

"Unasema uongo, nilikuwa na wewe tangu alfajiri." Akamgeukia Daktari, anacheka. "Mwangalie, ananiogopa! Kama mama yake. Nargis naye alifunga magoti hivihivi."

Nilimtazama Daktari, nikamwomba kwa macho asiseme. Wala sikujua tena ninaomba nini. Mlango wa chumba cha kungojea ulikuwa wazi, na kutoka pale nilipolala niliona mguu wa kile kiti cha mwisho, na mwanga wa vumbi.

"Atiyat," Daktari akasema, "siku ile ya Nargis ulikuwa umetoka wapi?"

"Popote. Nyumbani. Unajua."

"Hukutoka msibani."

"Sikutoka."

"Hukunawa."

"Ninawe n..."

"Hakuna kabsa, Atiyat. Haikuwepo. Nilisema inakaa mikononi ili nyie mnawe. Ni uchafu, uchafu tu, wa mavi, wa samaki, wa kitunguu, unaingia kwenye kidonda. Hauhitaji msiba. Nilikuwa nawaambia kweli mkanicheka, nikawaambia uongo mkaniamini, na uongo ule ukamkuta Nargis. Mimi ndiye niliyekufundisha vibaya."

Bibi alibaki amesimama, mikono mbele, kama mtu anayesubiri kupokea kitu. Akaitazama upande mmoja, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Nilikuwa na uchungu ambao sijawahi kuuona, na bado nilisikia pumzi yake ilivyokuwa inaingia na haitoki.

"Daktari," nikapiga kelele, "anakuja!"

"Mikono yangu haiwezi, Atiyat," Daktari akasema. "Nitamwangusha. Mimi nina macho, wewe una mikono. Nawa."

Nilidhani atakwenda. Nilidhani atatoka mlangoni aende moja kwa moja mpaka mtoni. Lakini alipiga magoti mbele ya beseni. Daktari akamimina, maji yakimwagika huku na huku kwa kutetemeka, na Bibi akasugua. Moja, mbili, tatu. Alihesabu kwa sauti, na chozi halikutoka. Kwenye arobaini na kitu nilishindwa kungoja, nikasukuma. Kwenye mia alikuwa ameshika kichwa cha mwanangu.

"Polepole," Daktari alikuwa akisema sikioni mwake. "Bega la kushoto. Mzungushe. Hivyo."

Ni msichana. Alilia upesi. Bibi alimfunga kitovu kwa uzi uliochemshwa, akanilaza mtoto kifuani bila kumbusu, bila vile vigelegele vyake vinavyosikika mitaa mitatu. Kisha akatoka, mikono ameinua juu, haigusi kitu, kama wafanyavyo madaktari.

Nikamwona kupitia mlango. Akapita viti kumi na kimoja, akaketi sakafuni, mbele ya kile cha mwisho. Daktari akamfuata.

Ilipita saa nzima. Mtoto alikuwa amelala kwenye titi Bibi aliposema.

"Na wengine?"

Daktari akakitazama kile kiti.

"Nimezalisha miaka kumi na saba baada ya Nargis. Msibani nilikuwa nakwenda mara chache, wewe wajua sipendi misiba. Kwa hiyo nilinawa mara chache. Wengine wako wapi?"

"Wakunga wengine niliwafundisha upya," Daktari akasema. "Mmoja mmoja. Wewe sikuweza. Ungeniuliza kwa nini sasa."

"Wako wapi, Daktari?"

Daktari akarudi ndani, nikasikia droo ya chini ikifunguka. Nikakumbuka uzi ule, na kwamba kadi haikuwa moja. Siku ile sikuuliza. Nilikuwa nimepata niliyoitafuta, nikafunga.

Daktari akazisoma amesimama. "Zubaida, mke wa mlinzi wa mfereji. Mwaka mmoja baada ya Nargis. Hanim, wa kule kwenye mitende. Miaka minne. Mastura, mjukuu wa Hajj Makkawi. Miaka kumi na moja. Hawa ndio ninaowajua."

"Baada," Bibi akasema.

"Baada."

"Ulijua, ukaniacha niende kwa Zubaida."

"Nilikuwa naogopa kukuumiza."

"Mastura alinipikia wali wa maziwa," Bibi akasema. "Kabla ya uchungu. Alisema nile kwanza, nisichoke." Akahesabu viti kwa macho. "Na mbona kiti ni kimoja?"

"Nilikuwa na nguvu ya kimoja," Daktari akasema.

Hasanein alirudi jua likielekea kushuka, amepanda trekta ya mtu, akatukuta tumemaliza. Alipiga kelele za furaha peke yake.

Mtoto tulimwita Nargis. Bibi ndiye aliyenizuia kwanza, halafu akasema basi, na iwe hivyo. Homa haikunishika. Siku ya saba, bado nimelala ghorofani kwa Daktari, nilikaa tangu asubuhi najigusa shingo kwa nyuma ya kiganja, na Daktari alikuwa anapanda ngazi kila saa kunigusa, na jioni ilipofika tukatazamana.

Nilirudi kazini mtoto akiwa na siku arobaini. Nilipofungua mlango wa nje nilimkuta Bibi ameshafika, amekaa sakafuni karibu na bomba, na kipande cha sabuni kwenye kisahani. Kila anayeingia, mzazi, mgeni, hata aliyekuja kuchukua dawa tu, alimwambia anawe, na akiulizwa kwa nini alimweleza yote, tangu mavi ya ng'ombe, bila kuficha jina lake. Wakunga vijana walikuwa wakimsikiliza wamekodoa macho. Wengine walilia. Wengine walisema kizee amepata wazimu, na hawakurudi.

Daktari akashuka. Akainamisha kichwa mara nne.

Siku hiyo chumba kilijaa. Yule mama wa ng'ambo ya mto alikuja tena, na bata wengine, jasho linamtoka. Akatafuta pa kukaa. Wanawake walikuwa wamebanana kwenye viti vinane na mkekani, na chini ya dirisha viti vinne vilikuwa vitupu, mfululizo.

"Jamani," akasema, "kilikuwa kimoja. Vyote hivi vina watu?"

"Vina watu," Bibi akamjibu.

"Nani kawaleta?"

"Mimi na Daktari."

Mama yule alingoja mtu acheke. Kisha akaweka bata chini, akakunja mikono ya gauni mpaka kwenye kiwiko, akaenda bombani.